Bushi Inayojilainisha Inapoanza Kulia: Dalili, Vyanzo na Tiba

Feni ya mezani ikiwashwa ikavuma bila kuzunguka, kisha panga zake zikaanza kwenda pale tu mtu anapozisukuma kwa kidole, mafundi wengi huanza kuitilia shaka kapasita, na mara nyingi shaka yao ni ya haki. Lakini kapasita ikipimwa ikaonekana nzima, na shafti ikawa nzito kuzungusha kwa mkono hata plagi ikiwa imechomolewa ukutani, basi kisa kimehamia kwenye bushi mbili ndogo zinazoishikilia shafti hiyo mbele na nyuma ya mota. Bushi hizo hazina tundu la kutilia grisi wala kikombe cha mafuta, na aliyeziunda hakusahau: zimetengenezwa zijilainishe zenyewe.

Neno hilo, kujilainisha, ndilo linaloponza wengi, kwa kuwa husikika kana kwamba metali hiyo haihitaji kilainishi. Kilainishi kinahitajika kama kawaida, ila kimefichwa ndani ya metali yenyewe tangu kiwandani, kwa kipimo maalumu, na kipimo hicho kina mwisho. Kwa hiyo karibu kila dalili itakayoelezwa hapa inarudi kwenye swali moja: akiba ya kilainishi imekwenda wapi? Huenda imekwisha, huenda imezibwa isitoke, huenda imeondolewa na mkono wa mtu, au mashine inadai kuliko akiba inavyoweza kutoa.

Kwanza itambue bushi uliyo nayo

Ziko jamii tatu ambazo fundi hukutana nazo mara kwa mara, na dawa ya moja inaweza kuwa sumu ya nyingine, kwa hiyo utambuzi hauwezi kurukwa.

Ya kwanza ni bushi ya bronzi ya unga. Unga wa shaba nyekundu, takriban sehemu 90, huchanganywa na sehemu 10 za bati (madini yenyewe, si bati la kuezekea, ambalo kwa hakika ni chuma kilichopakwa zinki), hushindiliwa ndani ya kalibu, kisha huokwa katika tanuri kwenye joto linalozidi kidogo nyuzi 800 za Selsiasi. Chembe hushikana na kuacha kati yake vinyweleo vilivyounganika, ambavyo kwa kawaida ni asilimia 18 hadi 25 ya ujazo wote, na vinyweleo hivyo hujazwa mafuta. Shafti inapozunguka, bushi hupata joto, mafuta hutanuka na kuvutwa juu ya uso. Mashine inaposimama na kupoa, vinyweleo huyafyonza tena mafuta hayo kama utambi wa koroboi unavyofyonza mafuta ya taa. Kampuni ya magari ya Chrysler ya Marekani ilizieneza tangu miaka ya 1930 kwa jina la biashara la Oilite, na leo zimo katika feni, stata za magari na vifaa vingi vya nyumbani. Utaijua kwa rangi yake ya hudhurungi isiyong'aa na kwa unyevunyevu wa mafuta unaobaki kwenye vidole ukiishika.

Ya pili ni bushi ya bronzi ngumu, kwa kawaida shaba yenye zinki kiasi cha robo pamoja na alumini, chuma na manganizi kidogo, ambayo imetobolewa matundu na matundu hayo yakajazwa vizibo vya grafiti, ile kaboni nyeusi yenye kuteleza inayotumika kwenye penseli. Vizibo hivyo hufunika takriban robo hadi theluthi ya uso wa ndani, navyo huonekana waziwazi kama madoa meusi yaliyopangwa kwa mshazari. Hii ni bushi ya kazi nzito na ya mwendo wa polepole: malango ya mabwawa, kreni, kalibu za plastiki, mikokoteni ya tanuri.

Ya tatu ni nyembamba, imekunjwa kutoka kwenye bamba na ina mshono unaoonekana. Mgongo wake ni wa feleji, juu yake kuna tabaka la unga wa bronzi la takriban robo ya milimita, na ndani ya tabaka hilo imepenyezwa PTFE, yaani plastiki ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula. Utando wa juu kabisa una unene wa milimita 0.01 hadi 0.03 tu, na fundi akiisahau tarakimu hiyo ataiharibu bushi kabla haijafanya kazi hata saa moja.

Chuma cha kusubu cha kijivu, kile cha mitungi ya injini nyingi, nacho kwa namna yake ni cha ukoo huu, kwa sababu vipande vidogo vya grafiti vimo ndani yake tangu kinapoganda. Hicho hatutakishughulikia hapa.

Shafti inakaza mara tu baada ya bushi kufungwa

Mteja hununua bushi, huijaribu dukani kwenye shafti, inateleza vizuri, na akifika nyumbani na kuigongomea mahali pake shafti haiingii tena. Hakuibiwa. Kipenyo cha nje cha bushi hufanywa kikubwa kuliko tundu lake kwa sehemu kadhaa za mia za milimita ili ishike, na inaposukumwa ndani, karibu upana wote huo wa ziada huhamia upande wa ndani na kulibana tundu la shafti. Tiba yake iko kwenye namna ya kuipachika: hutengenezwa kigongo cha chuma chenye ngazi, ambacho ncha yake iliyosuguliwa laini inaizidi shafti kwa ile nafasi inayotakiwa, bushi huvikwa kwenye ncha hiyo, kisha vyote viwili husukumwa kwa presi au kwa jeki ya kukazia. Bushi ikijibana, hujibana juu ya kigongo na kubaki na kipimo sahihi. Kwa bushi ndogo za bronzi ya unga, nafasi ya takriban sehemu moja katika elfu ya kipenyo ni mwanzo mzuri, yaani milimita 0.02 kwa shafti ya milimita 20.

Kishawishi kikubwa hapa ni kuipanua bushi kwa msasa au rima, yaani kifaa chenye meno cha kupanulia matundu. Nilipokuwa najifunza kazi nilizipanua bushi za stata kwa msasa niliouzungushia kijiti, nikazisifu kwa jinsi zilivyokaa. Gari lilirudi kabla ya mwezi kuisha, shafti ikiwa imechimbwa mistari kama santuri. Mambo mawili yalikuwa yametokea. Chembe za msasa zilijipachika ndani ya vinyweleo na kugeuka meno, na bronzi laini ilipakazwa juu ya midomo ya vinyweleo ikaifunga, hata mafuta yaliyokuwamo yakakosa pa kutokea. Ikilazimu kabisa kuipanua bushi ya namna hii, ifanywe kwenye mashine ya kukereza kwa kisu kikali mno cha kabaidi, kwa kuondoa kidogo sana kila mara, kwa maana kisu butu nacho hupakaza.

Bushi zikiwa mbili na kila moja peke yake ikapita bila shida, lakini shafti ikakaza baada ya kufunga vifuniko vya mota, basi haziko kwenye mstari mmoja. Katika feni nyingi bushi ni ya mviringo kama yai na hushikwa na bamba la springi ili iweze kujigeuza yenyewe. Legeza skrubu za vifuniko, zungusha shafti kwa vidole huku ukigonga kifuniko polepole kwa mpini wa bisibisi, na utasikia wazi pale inapokuwa nyepesi ghafla. Kisha kaza skrubu kwa kupokezana pande zinazokabiliana, kidogo kidogo.

Inalia inapoanza, kisha inanyamaza

Hii ndiyo dalili iliyo ya kawaida kuliko zote kwa bronzi ya unga, na muda wa kelele hueleza mengi. Ikilia dakika mbili tatu za mwanzo na kunyamaza, mafuta yamepungua lakini yapo, kwani joto linayatoa yaliyojificha ndani. Ikilia wakati wa kuanza na ikaendelea hata baada ya kupata moto, bushi ni tupu au imekwisha kulika. Ikiwa imara na nzito asubuhi tu, bila kulia, basi mafuta yaliyomo yamegeuka gundi.

Juu ya gundi hiyo lazima niseme bila kuficha, kwa sababu inatengenezwa majumbani mwetu. Feni ikianza kuvuma, mtu huchukua mafuta ya kupikia na kudondosha matone mawili nyuma ya mota, kelele hukoma papo hapo, na jirani huelekezwa afanye vivyo hivyo. Mafuta ya alizeti, pamba au mawese yakikaa kwenye joto na hewa huungana na oksijeni na kukauka kama vanishi, na baada ya wiki kadhaa vinyweleo vimezibwa kabisa. Mafuta ya cherehani ni safi na hayafanyi ubaya huo, ila ni mepesi mno, hivyo hutuliza kwa siku chache kisha hukimbia. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu ni mbaya zaidi kuliko zinavyodhaniwa, kwa sababu viyeyusho vilivyomo huyaosha mafuta ya kiwandani na kuondoka nayo. Grisi nayo, hata iwe ya bei gani, ina sabuni ya kuiganda ambayo huziba vinyweleo. Na mafuta yaliyotiwa unga wa grafiti au wa molibdeni disalfaidi, kilainishi kingine kigumu, ambayo muuzaji atayasifu kwa nguvu zote, huziba kwa chembe zake. Bushi ya unga inataka mafuta safi ya madini yasiyo na kitu kigumu ndani yake: kwa stata na mashine ndogo za karakana, mafuta ya injini ya daraja la SAE 30 hufaa; kwa mota ndogo za feni, mafuta ya mashine yaliyo mepesi kidogo kuliko hayo.

Sababu nyingine ya ukavu huanzia kwenye rafu ya duka. Bushi iliyokaa miaka ndani ya boksi la karatasi, au iliyofungwa kwa gazeti na kitambaa, imeshanyonywa mafuta yake na karatasi hiyo. Ukiona karatasi ina duara la mafuta, akiba yako iko kwenye karatasi. Zihifadhiwe ndani ya plastiki au kopo lililofungwa.

Kupima kama bushi ina mafuta si kazi ngumu. Ipashe joto karibu na taa ya umeme au juu ya bati lenye vuguvugu, la kuvumilika mkononi kwa shida, na uitazame: iliyojaa itatoa jasho la matone madogo usoni, iliyokauka itabaki kama jiwe. Kwa anayependa tarakimu, mizani hutoa jibu bora. Chukua bushi yenye kipenyo cha ndani cha milimita 12, cha nje cha milimita 24 na urefu wa milimita 15. Ujazo wake ni takriban sentimita 5 za ujazo, ikiwa kavu ina uzito wa karibu gramu 35, na vinyweleo vyake vikiwa asilimia 20 hubeba mafuta ya gramu 0.9 hivi. Mizani ya sokoni haitaiona tofauti hiyo, lakini mizani ndogo ya sonara itaiona.

Kuijaza upya kuna njia tatu. Ya haraka ni ile ya vidole: ziba tundu la chini la bushi kwa kidole cha shahada, jaza mafuta hadi ukingoni, kisha bonyeza tundu la juu kwa dole gumba na uendelee kukandamiza. Baada ya muda utaona jambo ambalo wanafunzi hulishangaa kila mara, kwamba ukuta wa metali unaoonekana mzima kabisa unaanza kuvuja, na matone madogo yanajitokeza upande wa nje. Hiyo ni ishara kwamba vinyweleo viko wazi. Yasipotokea hata baada ya kubadilisha mafuta na kurudia, vimeziba. Njia ya pili ni kuiloweka bushi ndani ya mafuta kwa saa 24, au kwa saa mbili katika mafuta yenye joto la nyuzi 100 na kuiacha ipoe humohumo, kwa kuwa ni wakati wa kupoa ndipo inapovuta. Ya tatu, iliyo bora, ni kuitia ndani ya chombo cha mafuta kinachotolewa hewa kwa pampu, ili mapovu yatoke vinyweleoni na mafuta yachukue nafasi yake. Bushi iliyoziba kwa gundi ioshwe kwanza kwa petroli au thina mara kadhaa, nje ya nyumba na mbali na moto, iachwe ikauke kabisa, kisha ndiyo ijazwe. Kwa bei za bushi ndogo, mara nyingi kununua mpya ni nafuu kuliko muda huo, lakini mji ambao kipuri hakipatikani una hesabu yake.

Usiisahau pete ya felti inayozunguka bushi katika mota za feni. Hiyo ndiyo ghala ya pili ya mafuta, na ikiwa imekauka na kujaa vumbi itafyonza mafuta kutoka kwenye bushi badala ya kuyapeleka. Ibadilishwe, au ioshwe na kulowekwa pamoja na bushi.

Inapata moto na kutema mafuta

Bushi inayotoa jasho jingi la mafuta kwenye kingo zake, kisha baada ya siku chache ikawa nyeusi na kavu, haina upungufu wa matunzo. Inabebeshwa kupita kiasi. Kipimo kinachotumiwa ni zao la shinikizo na kasi, yaani shinikizo mara kasi. Shinikizo hupatikana kwa kugawa mzigo kwa kipenyo cha ndani mara urefu, na kasi ni ile ya uso wa shafti kwa mita kwa sekunde. Kwa bronzi ya unga ya kawaida zao hilo lisizidi takriban 1.8, shinikizo likiwa katika megapaskali, na kufanya kazi muda wote karibu na kikomo si busara.

Tuirudie bushi yetu ya milimita 12 kwa 15 kwenye mota ya mizunguko 1,400 kwa dakika. Kasi ya uso wa shafti ni mita 0.88 kwa sekunde. Ikibeba mzigo wa niutoni 90, shinikizo ni 0.5 na zao ni 0.44, hivyo itaishi kwa raha. Mtu akiona mkanda wa mota unateleza na kuukaza hadi ukalia kama gitaa, mzigo huo unaweza kufika niutoni 500. Shinikizo linakuwa 2.78, zao linakuwa 2.44, na bushi imehukumiwa bila kosa lake. Ndiyo maana swali la kwanza kuuliza palipo na joto ni nani aliyekaza mkanda na lini. Mkanda uliochakaa hubadilishwa. Haukazwi bila mwisho.

Upande wa pili wa hesabu hiyo huwatega hata wahandisi. Zao linaweza kuwa dogo kabisa na bado bushi ikafa, endapo shafti haizunguki mzunguko kamili na inacheza tu polepole mbele na nyuma chini ya uzito mkubwa. Bronzi ya unga hutegemea mzunguko kuyavuta mafuta. Pasipo mzunguko wa kutosha, metali hugusana na metali. Kwenye bawaba za mitambo na mikono ya kreni tumia bushi ya vizibo vya grafiti.

Shafti imechubuka

Kabla ya kuitoa bushi iliyolika, weka alama ya rangi juu yake kuonyesha upande uliokuwa ukitazama juu, kwa sababu mahali palipolika hueleza kisa chote na ukishaitoa huwezi kukumbuka. Ikilika upande mmoja kwa urefu wake wote, mzigo unavuta upande huo, na mara nyingi ni mkanda. Ikilika juu upande wa mbele na chini upande wa nyuma, shafti imekaa kimshazari. Ikilika sawasawa duara zima, kuna vumbi la kusaga au kilainishi kimekwisha.

Kisha itazame shafti, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwani bushi hubadilishwa na shafti mbovu ikaachwa. Pitisha ukucha kwa urefu wa shafti. Ukikwama, shafti hiyo ni tupa, nayo itaila bushi mpya haraka kuliko ilivyoila ya zamani. Uso mzuri una ukwaruzo wa wastani wa maikromita 0.2 hadi 0.8. Ulaini wa kupindukia nao haufai kwa bushi za grafiti na PTFE, kwa kuwa kilainishi kigumu kinahitaji vibonde vidogo vya kushikilia. Shafti inatakiwa pia iwe ngumu kuliko bushi kwa kiasi cha kutosha, na kwa bronzi ngumu ya vizibo hilo lina maana ya shafti iliyopitishwa motoni na kuzimwa ili igumuke. Shafti laini ya chuma cha pua, inayochaguliwa kwa sababu haishiki kutu, hupenda kung'ang'ania na kuchanika.

Unga mweusi unadondoka

Kwenye bushi za grafiti unga mweusi kidogo katika siku za mwanzo ni jambo la kutarajiwa, maana vizibo vinajisugua na kupaka utando mwembamba juu ya bronzi na juu ya shafti. Chukua unga huo kati ya vidole viwili. Ukiteleza kama risasi ya penseli na kuacha weusi unaong'aa, ni grafiti, acha mashine iendelee. Ukihisi mchanga, au ukiona punje za manjano ndani yake, bronzi inaliwa na vumbi limeingia, na kinachohitajika ni sili, yaani pete ya kuzuia vumbi lisiingie, si bushi nyingine.

Dalili iliyo ngumu zaidi kuisoma ni mistari mitupu ya bronzi inayong'aa kati ya vizibo, iliyopakana na mistari myeusi iliyolainika vizuri. Vizibo hupangwa kwa mshazari ili kila sehemu ya shafti, katika mwendo wake, ipitiwe na angalau kizibo kimoja. Mpango huo hufaulu kwa mwendo ambao ulikusudiwa. Ikiwa shafti inacheza kwa pembe ndogo, kwa mfano nyuzi chache tu za kwenda na kurudi, na umbali kati ya kizibo na kizibo ni mkubwa kuliko mwendo huo, basi ziko sehemu ambazo grafiti haitazifikia kamwe, hata vizibo viwe vipya. Mafundi huongeza grisi hapo, na vumbi la saruji au la makapi huchanganyika na grisi kuwa uji wa kusagia. Tiba ni kuagiza bushi yenye vizibo vilivyosongamana zaidi na kumweleza muuzaji pembe ya mwendo, jambo ambalo mara nyingi halimo katika oda kwa sababu mnunuzi hutaja vipenyo na urefu peke yake.

Rangi ya shaba imejitokeza ndani ya bushi ya PTFE

Madoa machache ya bronzi baada ya siku za mwanzo ni ya kawaida, kwa kuwa utando wa juu huhamia kwa sehemu kwenye shafti na kuanzia hapo PTFE husuguana na PTFE. Bronzi ikienea na kufunika sehemu kubwa ya uso, muda wa kubadilisha umefika. Ikienea mapema mno, angalia ncha ya shafti: kona kali isiyolainishwa huukata utando huo wakati wa kuingizwa, na utaona mkwaruzo mmoja mrefu unaoanzia mdomoni. Uliza pia kuhusu usafi, maana nimewahi kuona shafti zilizofutwa kwa thina kila jioni na mtu mwenye bidii ya kweli, ambaye kila mara aliondoa utando uliokwisha kuhamia na kuilazimisha bushi itoe mwingine. Na bushi hii isitolewe kwa kuchomwa kwa gesi, kwa sababu PTFE ikipita joto lake, ambalo kikomo chake cha kazi ni karibu nyuzi 260 hadi 280, hutoa moshi wenye madhara kwa mapafu.

Joto, unyevu na maji ya chumvi

Bronzi ya unga yenye mafuta ya kawaida ya madini haifai kuzidishwa nyuzi 90 hivi, kwa hiyo kwenye mkokoteni wa tanuri la mikate bushi hiyo itakauka hata ukiijaza kila wiki. Vizibo vya grafiti hufika nyuzi 300 bila shida, na grafiti yenyewe huanza kuungua hewani kuanzia takriban 400 na zaidi. Kupita hapo ni kazi ya vitu vingine: NASA ilitengeneza mchanganyiko unaoitwa PS304, wenye nikeli na kromi, oksidi ya kromi, fedha, na floridi za bariamu na kalsiamu, kwa ajili ya shafti zinazofanya kazi hadi nyuzi 650.

Unyevu una tabia ya kuchekesha katika jambo hili. Grafiti huteleza vizuri kwa msaada wa mvuke wa maji uliomo hewani, na hilo lilijulikana kwa uchungu katika miaka ya 1940, kaboni za mota za ndege zilizopaa juu sana, yaani vile vipande vya grafiti vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zilipogeuka vumbi haraka kwa sababu hewa ya huko ni kavu na nyembamba. Molibdeni disalfaidi ni kinyume chake: hung'ara katika ukavu na ombwe, na hulegea penye unyevu. Anayefanya kazi Mombasa, Tanga au Zanzibar, akishauriwa atumie bushi yenye molibdeni kwa kuwa ndiyo inayotumika kwenye satelaiti, basi ameshauriwa kinyume cha hali ya hewa yake.

Kwenye maji ya bahari, hata hivyo, hiyo grafiti inayopenda unyevu huleta tatizo jingine. Grafiti ni mpitishaji wa umeme na iko juu sana katika mpangilio wa metali zisizoshika kutu, hivyo ikilowekwa katika maji ya chumvi pamoja na bronzi na chuma hufanya betri, na kinacholiwa katika betri hiyo ni metali iliyo dhaifu, ambayo kwa kawaida ni shafti au nyumba ya bushi. Dalili yake ni vishimo vidogo kwenye shafti vinavyofuata mpangilio wa vizibo, pamoja na ukoko wa kijani kuzunguka kila kizibo. Kwa usukani wa boti na malango ya maji ya chumvi agiza bronzi yenye vizibo vya PTFE badala ya grafiti, na shafti iliyo na vishimo ibadilishwe siku hiyohiyo bushi inapobadilishwa.